Macho Hayana Pazia, Lakini Kamera Ina Kifuniko

Haya sogeeni, wadogo zangu, leo nina neno na ninyi mnaopiga picha. Na nikisema mnaopiga picha sina maana ya watu wa magazeti peke yao, wale wenye kamera shingoni na kitambulisho cha kazi. Nakukusudia na wewe wa bodaboda uliyefika maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, kabla ya polisi, na wewe mwalimu wa shule ya kijijini, na wewe binti uliyekuwa unawapelekea wachimbaji uji pale pale duara lilipotitia. Siku hizi ardhi ikibomoka simu hutangulia kufika, koleo hufuata.

Barua zenu nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Dada, nipige nisipige? Nikipiga naonekana sina utu, nisipopiga nani atajua yaliyotukuta? Mwingine ameshapiga, ameshatuma, picha imesambaa mpaka mikoa asiyoijua, na sasa akitaka kwenda dukani anazunguka njia ya nyuma asikutane na mama wa marehemu. Nawaelewa. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyefanya kwa ubaya. Macho hayana pazia, na mkono uliozoea simu hauombi ruhusa kwa akili. Lakini maadamu mmeniita dada, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ninalowataka mlishike ni hili, na nitalirudia mpaka mchoke: piga picha ya kilichoua, aliyekufa mwachie mwenyewe na watu wake.

Nitawapeleka mbali kidogo, mnivumilie. Kuna kijiji kinaitwa Aberfan, huko Wales, kwenye bonde karibu na mji wa Merthyr Tydfil. Ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe. Mgodi ulikuwa bondeni, na taka zake, yaani mawe, vumbi na tope la makaa, zilikuwa zikipandishwa mlimani juu ya nyumba za watu na kumwagwa huko. Yakazuka malundo, lundo baada ya lundo, yakapewa namba. Lundo namba 7 lilianza kumwagwa mwaka 1958, na lilikaa juu ya chemchemi ya maji. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, kama saa tatu na robo asubuhi, lundo lile lilitelemka. Lilifukia shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto, wengi wa miaka 7 hadi 10. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Wangefunga adhuhuri.

Wanaume waliokuwa chini ya ardhi wakapandishwa juu, wakaja kuchimba watoto wao wenyewe. Mama wengine walichimba kwa mikono. Na sikiliza hapa, wewe mwenye kamera. Kila baada ya muda ilipulizwa filimbi, na kila mtu, mamia ya watu, akasimama alipo na kunyamaza, ili wasikie kama kuna sauti ya mtoto chini ya lile tope. Kimya. Halafu wanaanza tena. Baada ya saa tano asubuhi hakuna tena aliyetolewa akiwa hai, na bado walichimba.

Wapiga picha walifika siku ile ile. Baadhi ya picha zao dunia inazikumbuka hadi leo: askari polisi amembeba msichana mdogo aliyeokolewa, foleni ya wanaume wakipokezana ndoo za tope. Sizilaumu picha hizo. Lakini kuna muokoaji mmoja aliyesimulia baadaye kwamba, akiwa anasaidia kuchimba, alimsikia mpiga picha akimwambia mtoto alie, awalilie wenzake waliokufa, ili picha itoke vizuri.

Soma tena hapo, taratibu. Mtoto amefiwa na wenzake, na mtu mzima anamwelekeza namna ya kulia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Huyu wa mbali alitaka kuanza yeye, tena kwa machozi ya mwenzake. Na najua unavyojitetea sasa hivi: mimi dada siwezi kufanya hivyo. Pengine. Lakini je, hujawahi kusema, mama geukia huku kidogo? Mzee hebu kishike tena kile kiatu? Dada anguka tena pale pale, sikuwahi? Mdogo wangu, hayo yote ni ya ukoo mmoja. Mfiwa hapangwi. Akigeuka mwenyewe amegeuka, asipogeuka umekosa picha, na kukosa picha hakujamuua mtu.

Jambo la filimbi nalo tusilipite haraka. Kwenye machimbo yetu hakuna anayewapulizia filimbi, lakini utaona waokoaji wanainua mikono, wanalala kifudifudi mdomoni mwa duara, wanasikiliza. Wakati huo zima kila kitu. Zima droni yako inayovuma, acha kutangaza mubashara, mwambie na jirani yako anyamaze. Usisogee ukingoni ukitafuta pembe nzuri. Udongo uliotitia mara moja bado haujatulia, na uzito wako pale juu unaweza kuwaangushia walio chini kifusi cha pili. Na huo mubashara wenu una matokeo msiyoyaona. Kule Aberfan habari ziliporushwa redioni na kwenye televisheni, watu wema walimiminika na makoleo kutoka kila upande, wakawa wengi hata wakawazuia wachimbaji wenye ujuzi kufanya kazi yao. Walikuja kwa mapenzi. Mapenzi yao yakaziba njia. Kwa hiyo ukirusha tangazo, waambie watu wasije ila walioitwa, na gari la wagonjwa liachiwe barabara.

Sasa tuje kwa marehemu, maana ndipo wengi mnapojikwaa. Miili ya watoto wa Aberfan ilipelekwa kanisa la Bethania, si mbali na shule. Ilifunikwa mablanketi, ikalazwa kwenye mabenchi ya kanisa, na wazazi walipanga foleni nje wakisubiri kuingia kuwatambua wa kwao. Mzazi anainuliwa blanketi moja, si huyu, la pili, si huyu. Kuna mahali pa kamera humo ndani? Hakuna. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasimulii.

Na kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Wewe unajua msiba unavyopelekwa. Mtu hakurupuki kumwambia mama kuwa mwanao amekufa. Hutafutwa mtu mzima, mara nyingi wawili, wakafika, wakakaribishwa, wakakaa, wakaomba maji ya kunywa. Wanauliza habari za nyumbani. Jirani wa kike ameshaitwa kimya kimya asogee karibu na mama, ili akianguka apate wa kumshika. Ndipo linasemwa. Yote hayo yaliwekwa na watu waliojua moyo wa binadamu unavyopasuka. Sasa wewe unarusha picha ya kijana wa watu amelala kifuani pa mwenzake, uso mweupe kwa vumbi la mawe, na mama yake anaoneshwa na mpangaji wake akiwa anachambua mboga. Hakuna aliyekaa naye. Hakuna wa kumshika. Na picha ile haizikwi. Mwaka ujao mtu atairusha tena akiwa na maneno mengine, nchi nyingine, ajali nyingine, na mama atakutana nayo tena.

Tena usiwe mwepesi wa kuandika neno marehemu. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, duara lilititia na wachimbaji wakafukiwa. Zikapita wiki. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Mwenzao wa sita ndiye aliyefia humo. Siku arobaini na moja, mdogo wangu! Kama ungekuwa umeshabandika nyuso zao na mishumaa na maneno ya kuwapumzisha, ungemwambia nini mke wa mmoja wao? Andika alivyo: hajapatikana. Andika: bado wanatafutwa. Majina yasubiri mpaka familia na viongozi watakapoyatoa. Na usisahau kwamba Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa taarifa za uongo, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sikutishi kwa sheria. Nakutaka tu ujue kuwa lililo baya kwa jirani yako mara nyingi ni baya na mahakamani.

Najua kuna anayenong'ona: dada, wanaolipa wanataka picha ya kwanza, na ya pili haina bei. Kufa kufaana. Nami sitajifanya sijui njaa ya vijana wanaoishi kwa picha. Lakini si kila picha ya kwanza ni ya maiti. Njoo nikuoneshe ya kupiga.

Piga kilichoua. Hapa uwe mkali, uwe mwepesi, usiogope kuwahi, maana ushahidi huwahi kupotea kuliko machozi. Ndani ya siku mbili tatu kijiko kinakuja kusawazisha, matimba yaliyooza, yale magogo ya kushikilia duara, yanachomwa kuni, maji yanakauka, na kibao chenye namba ya leseni kinang'oka hakijulikani kilikokwenda. Simama mbali kwanza upate mlima mzima, duara liko wapi, kifusi kilirundikwa wapi, nyumba ziko umbali gani. Kisha sogea. Piga matimba yalivyokatika, kamba ya winchi ilivyo, mfereji wa maji ya mvua ulikoelekea. Weka koleo kando ya ufa ili anayetazama ajue upana wake. Kama kuna daftari la majina ya walioingia zamu, piga ukurasa ule kwa ruhusa ya mwenye nalo, ila usiurushe popote, maana kwenye misiba ya machimbo yetu swali la kwanza huwa ni walikuwa wangapi chini, na mara nyingi hakuna mwenye jibu. Usikate picha, usizipambe rangi. Zihifadhi kama zilivyotoka, na nakala nyingine mahali pengine, maana simu huibiwa na hunyang'anywa. Kisha zipeleke kwa mkaguzi na kwa Afisa Madini Mkazi, na nakala ibaki kwa viongozi wa kijiji.

Kwa nini nasisitiza hivi? Turudi Aberfan. Msiba ulipotokea, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, Lord Robens, alisema chemchemi iliyokuwa chini ya lundo haikuwa ikijulikana. Wanakijiji waliijua. Watoto walikuwa wakicheza kwenye vijito vyake, na ramani zilivionesha. Kabla ya hapo akina mama walishapeleka malalamiko yaliyotiwa saini juu ya maji machafu kufurika kuelekea shuleni. Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jaji Edmund Davies lilikaa siku 76, na ripoti yake ya Agosti 1967 ikaitwika bodi ile lawama waziwazi. Unajua nani aliyefukuzwa kazi? Hakuna. Nani aliyeshtakiwa? Hakuna. Sasa kama pamoja na mashahidi wote wale mwenye nguvu alithubutu kusema maji hayakujulikana, wewe na kaduara kenu kasikojulikana hata wilayani mtasimama na nini, kama hakuna hata picha moja ya maji yale?

Tena angalia picha zilizopigwa siku zile kutoka angani. Unaona mkondo mweusi umeshuka kutoka mlimani hadi darasani, na unaona malundo mengine yangali yamesimama pale pale juu ya kijiji. Picha ya namna hiyo haimvunjii heshima mtoto yeyote, lakini haimwachii mkubwa yeyote pa kujificha. Wafiwa walitaka malundo yaliyobaki yaondolewe. Serikali ikakubali, kisha ikachukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi kuchangia gharama za kuyaondoa. Pesa za msiba wa watoto zikatumika kuondoa taka za mgodi! Zilirudishwa mwaka 1997, miaka karibu thelathini baadaye, bila riba. Mfuko ule ulikuwa umefika kama pauni milioni 1.75, kwa sababu watu wa nchi nyingi waliona na kusikia wakaguswa. Kwa hiyo ndiyo, picha huleta msaada. Na msaada huleta wasimamizi, na wasimamizi huleta maswali. Kuna wakati ilipendekezwa wazazi waulizwe walikuwa na ukaribu kiasi gani na watoto wao waliokufa, ndipo walipwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, halafu mtu anataka kuupima kwa fomu.

Nakwambia haya ili ujue kazi haiishi siku ya maziko. Ndipo inapoanza, na ndipo wengi wenu mnapokuwa mmeshapanda basi.

Alikuwapo Mmarekani mmoja, I. C. Rapoport, aliyetumwa na jarida la Life. Yeye alifika Aberfan siku kadhaa baada ya msiba, wakati waandishi wengi wanaondoka au wameshaondoka. Naye alikuwa na mtoto mchanga kwao. Akakaa wiki nyingi. Alipiga watoto waliosalia wakirudi masomoni, wanaume wamekaa baa na glasi zao bila maneno mengi, mama amempakata mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini baada ya msiba. Ukizitazama picha zile hutaona mwili hata mmoja, na huhitaji kuambiwa kilichotokea. Kitabu chake, "Aberfan: The Days After", kilitoka mwaka 2005. Hebu fikiri: zilizopigwa bila haraka ndizo watu wa pale wanazoweza kuzifungua sebuleni mbele ya wajukuu.

Kwa hiyo kaa. Au ukishindwa kukaa, rudi. Rudi matanga yakishaanuliwa, wakati maturubai yameshushwa na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. Wakati ule mjane amebaki na ada ya shule, na deni la mchele wa msibani, na simu ya mumewe ambayo bado inaita wateja wa mawe. Hakuna kamera siku hiyo. Hakuna kiongozi. Hapo ndipo pana habari ambayo nchi haijaisikia.

Ukifika, kamera ibaki ndani ya begi. Vua viatu, kaa mkekani, toa pole kama mtu aliyelelewa. Kama una rambirambi, toa mapema na uiache ilivyo, usije ukaifanya bei ya picha. Zungumza na msemaji wa familia, zungumza na mwenyekiti wa kitongoji, lakini usiishie kwao. Shemeji akisema piga tu, hajasema mjane. Muulize yeye mwenyewe, akiwa na dada yake au mama yake kando. Mweleze picha itakwenda wapi, nani ataiona, na kwamba anaweza kukataa leo au kesho. Mwoneshe ulichopiga kabla hujaondoka. Akisema hii hapana, ifute mbele yake, aione ikifutika. Watoto usiwapige peke yao wala usioneshe beji ya shule yao. Na akikukatalia kabisa, kunywa chai yake, shukuru, aga. Hujapoteza nauli. Umekwenda msibani.

Huko pia ichunge nafsi yako. Usijifanye shujaa mbele ya mwenye duara mwenye hasira. Nenda na mwenyeji, aga unakokwenda, na ukiambiwa ondoka, ondoka kwanza, mengine utayadai kwa ofisi zinazohusika. Na ukirudi nyumbani usingizi ukakataa, ukawa unasikia harufu ya udongo mbichi hata unapokula, usinyamaze ukadhani ni udhaifu. Manusura wa Aberfan walichunguzwa miaka 33 baadaye, na karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuugua ugonjwa wa msongo unaotokana na kiwewe katika maisha yao. Baadhi walisimulia kuwa walipokuwa watoto hawakuthubutu hata kucheza nje, wakihofia kuwaumiza majirani waliopoteza wa kwao. Waliona aibu ya kuwa hai. Kiwewe humkamata na aliyekuja kusaidia, na aliyekuja kupiga picha pia. Zungumza na mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya, uombe kuonana na mshauri. Pombe itakulaza usiku mmoja, asubuhi picha zote ziko pale pale machoni.

Nawageukia sasa ninyi mlioteleza. Wewe unayepita njia ya nyuma. Maji yamemwagika, na hayazoleki yote, lakini usikae tu ukiyatazama. Ondoa picha ulikoiweka. Waandikie walioichukua kwako, mmoja mmoja, uwaombe waiondoe. Halafu mtafute mtu mzima anayeheshimika, mwende pamoja mpaka kwa yule mama. Msamaha wa namna hii hautumwi kwa ujumbe wa simu. Usianze kujieleza kwamba ulitaka dunia ijue. Sema: mama, nilikosa, nisamehe. Kisha nyamaza umsikilize, hata akikufokea. Wengi wanasamehe, wadogo zangu. Wanachoshindwa kukisahau ni mtu aliyewajeruhi akaendelea kupita kama hakuna kitu.

Na lipo jambo moja zuri ambalo karibu kila mmoja wenu anaweza kulifanya, hata asiyejua kamera vizuri. Vijana wa machimbo wanapenda picha. Siku ya mavuno wanavaa, wanasimama mbele ya duara na tochi kichwani, wanasema nipige, nitumie. Mnazipiga, mnasahau kuzituma. Halafu mmoja wao anakufa, na nyumbani kwao hakuna picha yake isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, ambayo mkewe anaipeleka studio ikuzwe iwekwe juu ya jeneza, inatoka ukungu mtupu. Nawe umekaa na sura yake anacheka, nzima, kwenye simu yako.

Kwa hiyo wiki hii pitia simu yako taratibu, nyuma hadi mwanzo. Mtafute aliyekuwa hai. Picha zake zisafishe kwenye karatasi nzuri, nyuma uandike jina lake, mahali na tarehe, uzipeleke kwa mkewe au kwa mama yake. Kama ni mbali, mpe kondakta wa basi unayemwamini na namba ya mpokeaji. Gharama ya kusafisha uibebe wewe, usiwadai hata senti.